Chevelle ya mwaka 1970 niliyoiota tangu utotoni: je, niinunue?

"Mzee wangu, shikamoo. Nina umri wa miaka 54, ni mzaliwa wa Tanga, na sasa naendesha lori huku Ohio, Marekani. Nilipokuwa na miaka 9, marehemu baba yangu, aliyekuwa baharia, aliniletea gazeti kuukuu la Kimarekani lenye picha ya Chevrolet Chevelle nyekundu yenye milia miwili myeusi juu ya boneti. Tangu siku hiyo sijalipenda gari jingine kwa kiasi hicho. Sasa nimempata muuzaji mwenye Chevelle SS 396 (SS ni Super Sport, toleo lake lenye injini kubwa) ya mwaka 1970, nyekundu vilevile, yenye paa la vinaili jeusi, na anataka dola 58,000. Anasema injini ni ileile iliyofungwa kiwandani, na kwamba namba ya chasisi, inayoanza na 13637, inathibitisha kuwa ni SS halisi. Rafiki yangu anasema ninadanganywa, kwa kuwa injini za mwaka huo zilikuwa 402 wala si 396. Tena ananionya kwamba petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaiua injini hiyo ndani ya mwaka mmoja, labda niwe nachanganya na petroli ya ndege. Mwingine ananishauri nitafute ya mwaka 1972 kwa kuwa bei yake ni nafuu, lakini nasoma kwamba nguvu zake zilishuka kutoka farasi 350 hadi 240. Mke wangu hanikatazi, ila anauliza kama tunaitupa akiba yetu. Naomba ushauri wako."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu imebeba mambo manne kwa pamoja: unataka kujua kama gari hili ni lile linalosemwa kuwa, kama injini yake itaishi kwa petroli ya leo, kama kushuka kwa farasi kulikuwa kweli au maandishi tu, na kama fedha zenu ziko salama. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikifungua na kufunga injini za namna hii katika gereji za Michigan, na naweza kukujibu yote manne. Hata hivyo nitaanza na namba ya chasisi, kwa sababu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya hizo dola 58,000.

Namba inayoanza na 13637 yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiseme anachodai muuzaji. Isome hivi: tarakimu ya kwanza, 1, ni Chevrolet, 36 ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, yenye injini ya silinda 8, 37 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo katikati ya madirisha, inayofuata lazima iwe 0, yaani mwaka 1970, kisha kuna herufi ya kiwanda na namba 6 za mfululizo. Hakuna mahali palipoandikwa SS. Hadi mwaka 1968 Chevelle SS 396 ilikuwa na namba yake ya pekee, iliyoanza na 138, na mtu aliweza kuitambua kwa kuchungulia tu kupitia kioo cha mbele. Kuanzia magari ya mwaka 1969, SS ikawa fungu la nyongeza ambalo mteja aliliagiza juu ya Malibu ya kawaida, kwa hiyo SS zote za 1970 za bodi hiyo zina mwanzo uleule wa namba kama Malibu ambayo mwalimu wa shule aliinunua ikiwa na injini ndogo ya silinda 8 ya kumpeleka kazini. Sisemi kwamba muuzaji wako ni mwongo. Wauzaji wengi wamechanganya kanuni ya 1968 na ya 1970, na wengine nao waliambiwa hivyohivyo na aliyewauzia. Lakini uthibitisho anaokupa si uthibitisho, na bei ya SS hulipwa kwa uthibitisho.

Rafiki yako yuko sahihi kuhusu 402 na amekosea kuhusu maana yake. Chevrolet waliyatanua kidogo matundu ya silinda, ujazo ukapanda kutoka inchi za ujazo 396 hadi 402, yaani karibu lita 6.6, lakini jina la 396 lilikwisha kujulikana barabarani na katika mashindano, nao hawakutaka kulipoteza. Kwa hiyo SS ya 1970 yenye nembo ya 396 ubavuni na injini ya 402 ndani imekaa vile ilivyotoka kiwandani. Injini ambayo kweli ni 396 ndiyo ingenifanya niulize imetoka katika gari gani.

Ni nini basi kinachoweza kuthibitisha? Cha kwanza ni karatasi. Kila gari lilipokuwa likiundwa lilifuatana na karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha kila kilichoagizwa, na wafanyakazi waliiacha ndani ya gari mahali palipowafaa wao: juu ya tangi la mafuta, au katikati ya springi za kiti cha nyuma. Katika Chevelle, juu ya tangi ndipo ninapoanzia mimi. Ukiteremsha tangi ambalo halijaguswa miaka yote hiyo, unaweza kukuta karatasi hiyo imebanwa baina ya tangi na sakafu ya buti, imegeuka rangi ya chai, pembe zake zimeliwa, lakini visanduku vyake bado vinasomeka. Karatasi nyingine zenye uzito ni ankara ya mauzo ya kwanza na kile kibati kidogo cha chuma kilichowekwa katika kijitabu cha udhamini, chenye namba za gari na za injini. Nakueleza haya kwa kuwa Chevrolet zilizoundwa Marekani miaka hiyo hazina jalada la kiwandani ambalo mnunuzi anaweza kuliandikia leo akajibiwa kama gari lake liliagizwa likiwa SS. Zile zilizoundwa Oshawa, Kanada, ndizo zenye kumbukumbu hizo, na herufi ya kiwanda katika namba yako itakuonyesha mara moja: mahali pa herufi utakuta tarakimu 1.

Cha pili ni namba zilizogongwa kwenye injini yenyewe, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu ndipo macho yanapofanya kazi. Simama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, upande wa abiria. Nyuma ya alteneta, mbele kidogo ya silinda hedi, bloku ina uso bapa mwembamba ambao kwa kawaida umefunikwa na grisi na vumbi la miaka. Ufute taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usitumie brashi ya waya, wala msasa, hata kama muuzaji anakupa ruhusa. Utaona herufi T, ambayo ni kiwanda cha injini cha Tonawanda katika jimbo la New York, kisha tarakimu 4 za mwezi na siku, kisha herufi 3 zinazotaja aina ya injini na gia iliyoandamana nayo. Kando yake kuna namba nyingine, inayoanza na 10, ikifuatwa na kiwanda cha gari na namba 6 za mfululizo. Hizo 6 ndizo zinazopaswa kufanana na zile za kwenye dashibodi, na tarehe ya injini inapaswa kutangulia kuundwa kwa gari kwa siku au wiki kadhaa. Herufi ya kiwanda cha gari pia lazima iwe moja pande zote mbili.

Kufanana kwa namba hakutoshi, kwa sababu namba inaweza kugongwa upya. Washa tochi, uilaze karibu kabisa na uso ule ili mwanga upite kwa upande, kisha inamisha kichwa. Uso uliokatwa na mashine ya kiwandani una mikwaruzo myembamba sana, iliyonyooka, sambamba, inayotoka mbele ya injini kwenda nyuma, na namba zimegongwa juu ya mikwaruzo hiyo, zikiwa zimepinda kidogo hapa na pale kama kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Uso uliosagwa baadaye ni laini kama kioo au una duara za kisu cha mashine. Niliwahi kusimama katika uwanja wa muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, nikiwa na mteja aliyekwisha kutoa amana. Karatasi zilikuwa nzuri, rangi ilikuwa nzuri, na namba zilifanana tarakimu kwa tarakimu. Lakini uso ulikuwa unang'aa, hauna mkwaruzo hata mmoja, na herufi zilikuwa zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula. Mteja wangu alitaka kulia, kwa kuwa gari lile alikuwa amelitafuta miaka 6. Kwa upande wa haki niseme pia kwamba bloku inaweza kusagwa kwa sababu halali, pale fundi anapoisawazisha wakati wa kuifungua injini yote. Ila baada ya kusagwa, ushahidi haupo tena, na usilipie ushahidi usiokuwapo.

Vitu vingine vya SS hutoa dalili tu: kifuniko cha difu chenye boliti 12, breki za diski mbele, mita za duara kwenye dashibodi badala ya mita ndefu ya mlalo ya Malibu, boneti yenye mwinuko katikati. Vyote hivyo vinauzwa vipya leo, na mtu mwenye Malibu na kitabu cha oda anaweza kuigeuza kuwa SS katika majira ya baridi moja. Jambo moja tu ningekutaka uondoke hapohapo bila mjadala: kibati cha namba kwenye dashibodi kikiwa kimechokonolewa. Kiwandani kilishikwa kwa ribiti ndogo zenye umbo la ua la petali 6. Ukikuta ribiti za kawaida, skrubu, au gundi, hilo si suala la SS tena, bali ni suala la gari ambalo polisi wanaweza kulichukua likiwa mikononi mwako.

Sasa nikwambie kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, na wewe umekitaja kwa maneno manne tu: paa la vinaili jeusi. Ohio hutupa chumvi barabarani kila majira ya baridi, na vinaili iliyogundishwa juu ya bati hushika unyevu kama sifongo. Katika Chevelle za miaka hii maji hukusanyika kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha nyuma. Bati la mfereji huoza kutoka ndani, na maji hupata njia ya kuingia kwenye buti, hukaa juu ya sakafu ya buti, huteremka kwenye mifuko ya chini nyuma ya magurudumu, kisha hufika kwenye vikalio vya mpira ambavyo bodi imekalia juu ya chasisi. Kwa nje rangi inaweza kumeremeta wakati huo wote. Chukua sumaku dogo lililofungwa kitambaa laini na ulitembeze taratibu kutoka mlangoni kuelekea nyuma ya gurudumu. Pale lilipo bati utahisi sumaku linavuta mkono wako. Ukifika palipojazwa puti nene, mvuto hukatika ghafla na sumaku linateleza kama juu ya ubao. Inua zulia la buti. Bonyeza vinaili kwa kidole gumba pembeni mwa kioo cha nyuma. Ikiwa inabonyea na kutoa sauti ya kukauka kama jani, chini yake bati limekwisha. Kisha lazima gari lipandishwe juu, mtu aiangalie chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa hapo ndipo tope la chumvi hukaa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wapenzi wa magari haya hupenda injini, na injini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Bloku ya Chevrolet inafunguliwa, inachongwa, inafungwa upya, na vipuri vyake viko kila mji wa Marekani. Bodi iliyooza hula fedha mwezi hadi mwezi, kila bati unalokata linakuonyesha jingine, na mwisho wake hauujui hadi uwe umeshafika katikati.

Kuhusu petroli, hofu ya rafiki yako ina asili ya kweli, lakini imekuzwa. Mwaka 1921 Thomas Midgley, katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha mchanganyiko wa risasi kinazuia injini isigonge. Risasi ikawa na kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuzuia kugonga. Injini ya farasi 350 uliyoitaja ina uwiano wa mgandamizo wa 10.25 kwa 1, maana yake pistoni huufinya mchanganyiko wa hewa na petroli hadi ubaki chini ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Plagi inapotoa cheche, moto unapaswa kutembea kwa utaratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Petroli dhaifu haingoji, bali ile sehemu ambayo haijafikiwa na moto hupata joto na shinikizo, hujilipukia yenyewe, na unasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo. Kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni.

Kazi ya pili ilikuwa kwenye vali za kutolea moshi. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila vali hujifunga mara 1,250 katika dakika hiyohiyo, ikiwa ya moto sana, juu ya kikalio kilichochongwa ndani ya chuma cha silinda hedi. Chembe za vali na za kikalio hushikana kwa nukta ndogo mno, kisha hunyofoka vali inapofunguka. Mabaki ya risasi yalikuwa yakitandaza utando mwembamba katikati yao. Bila utando huo kikalio hulika na vali huzama kidogo kidogo. Hilo ni kweli, lakini kasi yake hutegemea joto na mzigo: injini inayovuta trela mlimani kutwa nzima, au inayokimbizwa saa nyingi mfululizo, ndiyo inayoumia. Gari linalotoka Jumamosi na Jumapili, na kwenda kilomita 2,000 kwa mwaka, litakaa muda mrefu sana kabla hujaona tofauti. Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani tangu tarehe 1 Januari 1996, na silinda hedi nyingi zimefunguliwa tangu hapo na kutiwa vikalio vya chuma kigumu. Muulize muuzaji kama zake ni miongoni mwa hizo, na uombe risiti. Ikiwa siyo, endesha, na siku zitakapofunguliwa kwa sababu nyingine, fanya kazi hiyo mara moja.

Kuhusu kugonga, watu hulinganisha namba zisizolingana. Oktani, yaani namba za uwezo wa petroli kuzuia kugonga, zilizotajwa katika vitabu vya 1970 zilipimwa kwa njia ya maabara inayotoa namba kubwa, ilhali pampu za Marekani leo zinaandika wastani wa njia mbili. Petroli ya 93 unayoiona Ohio ni karibu 98 kwa kipimo kile cha zamani. Injini ya 10.25 kwa 1 iliyo safi, isiyopata joto kupita kiasi, itakwenda vizuri kwa 93 ikiwa taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, imerekebishwa na mtu anayejua kusikiliza. Ingekuwa ile SS 454 ya farasi 450, yenye mgandamizo wa 11.25 kwa 1, ningekujibu vingine. Petroli ya ndege iache. Ile ya ndege ndogo bado ina risasi, ni kosa kisheria kuitumia barabarani, na risasi inaharibu ubongo wa watoto. Haifai kutoka kwenye egzosi mbele ya nyumba yako kwa ajili ya tatizo ambalo kwako halipo.

Kuna hatari mbili za leo ambazo rafiki yako hakuzitaja. Petroli ya pampu ina ethanoli, kwa kawaida asilimia 10, nayo hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Mpira wa mafuta wa miaka 40 unaovuja matone juu ya manifoldi ya moto ndio unaochoma magari haya, kwa hiyo badilisha mipira yote, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, kabla hata hujafurahia safari ya kwanza. Hatari ya pili iko kwenye mafuta ya injini. Kamshafti ya injini hii inasukuma tapeti zenye uso bapa zinazosuguana nayo kwa shinikizo kubwa, na kinga yake ni kirutubisho chenye zinki na fosforasi ambacho kimepunguzwa katika mafuta ya kawaida ya leo kwa sababu kinachafua vichujio vya moshi vya magari mapya. Nunua mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa injini za zamani. Nimefungua injini zilizofungwa upya kwa gharama kubwa ambazo nundu za kamshafti zilikuwa zimelika hadi kuwa mviringo kabla ya kumaliza kilomita 500, kwa kukosa jambo hilo dogo.

Nije kwenye farasi 350 na farasi 240, kwa sababu hapa wengi huamini kwamba injini ilikatwa theluthi ya nguvu zake kwa mwaka mmoja. Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa juu ya benchi, bila kichujio cha hewa, bila egzosi ya gari, bila vifaa inavyovizungusha. Kuanzia magari ya mwaka 1972 walianza kutangaza kipimo cha injini ikiwa na vyote hivyo. Mwaka wa kati ndio unaotuonyesha ukweli, kwa maana General Motors walichapisha namba zote mbili: injini ya 402 ya mwaka 1971 ilikuwa farasi 300 kwa kipimo cha zamani na farasi 260 kwa kipimo kipya, injini ileile, siku ileile. Kwa hiyo kushuka kutoka 350 hadi 300 kulikuwa kwa kweli, kwani walishusha mgandamizo kutoka 10.25 hadi 8.5 ili magari yao yaweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, huku sheria ya hewa safi iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 1970 ikiwa mlangoni. Kushuka kutoka 300 hadi 260 kulikuwa ni mizani tu. Zile 20 zilizobaki hutazihisi ukiwa nyuma ya usukani. Zaidi ya hapo, injini ya 1972 haitakusumbua kwa oktani hata kidogo, itakunywa petroli ya bei rahisi, na kwa mtu anayetaka kuendesha gari lake badala ya kulifunika turubai, hiyo si sifa ndogo.

Wewe ni dereva wa lori, unaijua tofauti kati ya farasi na nguvu ya msokoto. Injini ya 402 ya farasi 350 hutoa msokoto wa paundi-futi 415. Injini ndogo ya inchi za ujazo 350, iliyowekwa katika Malibu za mwaka huohuo wa 1970 ikiwa na kabureta ya midomo 4, hutoa 380. Tofauti ipo, na pale unapokanyaga ukitoka kwenye taa utaisikia mgongoni, lakini si ile watu wanayoidhania wanapolipa maelfu kwa maelfu ya dola zaidi kwa ajili ya herufi mbili. Bodi ni ileile. Ule mstari unaoinuka juu ya gurudumu la nyuma, uliouona ukiwa na miaka 9, upo kwenye Malibu vilevile, na milia miwili myeusi ni rangi tu.

Ndiyo maana, ukiniuliza mimi, utafutaji wako ningeuanza na Malibu halisi ya injini ya 350 yenye bati safi kutoka majimbo makavu kama Arizona au New Mexico, inayouzwa kama Malibu, na nibaki na akiba ya breki, mipira na matairi. Gari hili la muuzaji wako ningelifikiria kwa bei ya SS endapo tu karatasi ya kiwandani ipo na uso wa injini una mikwaruzo yake. Kama havipo, lithamini kama Malibu nzuri yenye injini kubwa, na toa bei hiyo bila kuona haya. Na kama moyo wako unataka kabisa gari linaloweza kuthibitishwa, iangalie Pontiac GTO ya miaka ya 1966 hadi 1971: namba yake ya chasisi huanza na 242, ambayo ni ya GTO peke yake, na nyaraka za kiwandani za Pontiac zimehifadhiwa na hutolewa kwa wamiliki kwa ada. Ni binamu wa Chevelle kwa chasisi, na ni mtoto wa ile GTO ya 1964 iliyofungua mlango kwa magari yote ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Najua si lile la kwenye gazeti, nami sikusukumi.

Mke wako ameuliza swali ambalo wanaume wengi wa shauku hii hawapendi kuulizwa, na anastahili jibu la moja kwa moja. Msilinunue gari hili kama akiba. Bei zake hupanda na kushuka kwa mapenzi ya watu, na wakati huohuo linadai bima, banda kavu na matengenezo. Tengeni kiasi ambacho hata kikipungua nusu hakitagusa nyumba wala ada za watoto, na katika kiasi hicho wekeni pembeni angalau sehemu moja ya tano isiyoguswa siku ya kununua. Kata bima ya thamani mliyokubaliana na kampuni kwa maandishi, kwa kuwa bima ya kawaida italihesabu kuwa ni gari kuukuu. Mwambie pia, kwa sababu ni haki yake kujua, kwamba gari hili halina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, lina uzito wa karibu kilo 1,700, na halitasimama kama gari lake la kila siku. Mvua ikinyesha, liache bandani.

Mimi nakuandikia nikiwa mbali, na kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyaona. Kabla ya kutoa hata dola moja ya amana, mlipe mkaguzi wa kujitegemea aliyebobea katika Chevelle, asiyefahamiana na muuzaji, alipandishe gari juu, apime mgandamizo wa silinda zote 8 na shinikizo la mafuta injini ikiwa ya moto, na ausome uso wa bloku kwa macho yake. Ofisi ya usajili ya jimbo nayo ihakikishe hati ya umiliki inafanana na kibati. Muuzaji akikataa ukaguzi, amekwisha kukujibu.

Mwambie muuzaji utafika saa 2 asubuhi, na umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, fungua boneti kwanza na uweke kiganja juu ya manifoldi ya egzosi. Iwe baridi. Ikiwa ya moto, kuna mlio au moshi wa kuwashia ambao hakutaka uukute. Kisha nenda usimame nyuma ya gari, mwache aliwashe, na uangalie egzosi kwa dakika nzima: moshi wa buluu unaoonekana na kupotea ni mafuta yanayopita kwenye sili za vali, jambo dogo; ule usiopotea ni pistoni. Sikiliza pia upande wa juu wa injini hadi tapeti zinyamaze. Halafu niandikie zile herufi 3 zilizo mwisho wa namba ya Tonawanda na zile namba 6 za mfululizo, kama ulivyoziona na si kama ulivyosomewa, nami nitakwambia injini hiyo ilizaliwa kwa ajili ya gari gani.